Bubu Katika Picha Zenye Sauti: Maisha ya Mohamed Husen

Kabla ya safari za ndege kuzoeleka, mlango wa Kilindini ndio uliokuwa mlango wa dunia kwa watu wa pwani hii, na mkazi wa Likoni hakuwa na haja ya gazeti ili ajue ni nani amekuja na nani ameondoka, maana kila meli ilipita mbele ya macho yake, karibu kiasi cha kusomeka jina lake ubavuni. Miongoni mwa meli zilizopita hapo katika miaka ya baina ya vita viwili vikuu vya dunia ni zile za kampuni ya Kijerumani ya Deutsche Ost-Afrika Linie, zilizotoka Hamburg zikashuka na mwambao wa Afrika bandari kwa bandari. Na katika kampuni hiyo, tangu mwaka 1925, alitumika kijana mmoja wa Dar es Salaam, mtumishi wa meza, mwenye Kiswahili cha kuzaliwa nacho na Kijerumani alichokipata tangu utotoni, ambaye kwa abiria hakuwa ila boi mmoja miongoni mwa maboi. Kijana huyo alikuja kuonekana katika picha za sinema zisizopungua 23, ubavuni mwa nyota waliopendwa kuliko wote Ujerumani, kisha akafa katika kambi ya mateso. Na hapa kwetu, ambako kila mtoto anazijua habari za waigizaji wa Bombay na Hong Kong, jina lake halitajwi hata barazani penye kahawa.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Mahjub bin Adam Mohamed; Ulaya alijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen, na katika orodha za waigizaji, pale alipojaaliwa kuandikwa, aliandikwa Mohamed Husen. Wajuzi wa sinema wana kawaida ya kuigawa historia ya sanaa hiyo enzi mbili: enzi ya picha bubu, ambapo mwigizaji alisema kwa macho, mabega na vidole huku piano ikilia ukumbini, na enzi ya picha zenye sauti, iliyochomoza Marekani mwaka 1927 na kuingia Ujerumani muda mfupi baadaye. Kwa hesabu ya kalenda Husen ni mtu wa enzi ya pili, kwani alianza kuigiza mwaka 1934, sinema imekwisha kupata ulimi. Lakini rai yangu, ambayo ndiyo iliyonitia hamu ya kuandika makala haya, ni kwamba yeye na wenzake weusi hawakuruhusiwa kuingia katika enzi hiyo. Picha zilinena, wao wakaachiwa ububu wa zamani, wakatakiwa kutimiza kwa mwili na kwa uso yale ambayo wengine walitimiza kwa maneno. Na huyu aliyekuwa bubu penye pazia la sinema alikuwa, mchana wa siku hizohizo, mwalimu wa lugha katika Chuo Kikuu cha Berlin.

Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la Kijerumani mwenye cheo cha efendi, cheo ambacho jeshi hilo lilikirithi kutoka Misri pamoja na wale askari wa Kisudani, takriban 600, ambao ofisa wa Kijerumani Hermann von Wissmann aliwaajiri Cairo mwaka 1889 ili waje kuvunja vita vya Abushiri. Wasomaji wa pwani wanaujua mwisho wa vita vile, kwamba Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba wa mwaka huohuo. Na sharti nilitaje jambo hili mapema, kwa sababu mtu ninayemwandika alizaliwa katika nyumba ya jeshi lililomnyonga Abushiri, akala mkate wake, akalipenda, na mapenzi hayo hayakumtoka mpaka lilipokwisha kumla yeye mwenyewe. Akiwa mtoto wa miaka kumi alikuwa karani katika kiwanda cha nguo huko Lindi, jambo linaloonyesha jinsi alivyokuwa hodari wa kusoma na kuandika lugha zote mbili.

Mwaka 1914 vita vikazuka. Watu wa bara ya kusini ya Mombasa hawakuvisikia vita hivyo kwa mbali, maana askari wa Kijerumani walivuka mpaka kutoka upande wa Tanga wakaja na pwani kwa nia ya kuiendea Mombasa, na walizuiwa Gazi mwezi wa Oktoba, mwendo wa maili thelathini hivi kusini ya Likoni, katika mapambano yaliyowashirikisha pia Waarabu wa pwani waliokusanywa na Arthur Wavell, Mwingereza ambaye aliuawa Mwele mwezi wa Januari 1916. Hao waliofika Gazi walikuwa jeshi moja na Mahjub na baba yake, ambao wote wawili waliingia vitani, mtoto akawekwa miongoni mwa wanafunzi wa ishara, yaani wale waliofundishwa kupeleka habari za jeshi kwa bendera na taa kutoka kilima hata kilima. Mwezi wa Oktoba 1917, katika vita vya Mahiwa huko Lindi, ambavyo ni miongoni mwa vita vilivyomwaga damu nyingi kuliko vyote katika Afrika ya Mashariki, alijeruhiwa, akatekwa na Waingereza. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu.

Nimepata kujiuliza kwamba mtu asiyepita katika chuo chochote cha maigizo aliupata wapi ustadi wa kusimama mbele ya kamera bila ya kutetereka, na jibu ninaloliona karibu kabisa ni ngoma ya Beni. Ngoma hii, ambayo asili yake ni pwani yetu ya Kenya, Mombasa na Lamu, kabla ya kuenea Tanganyika na kuvuka hata Nyasa, ilikuwa mchezo wa kuigiza majeshi na heshima za kizungu: tarumbeta, gwaride, vyeo vya jenerali na admirali, mavazi yaliyopigwa pasi yakasimama, na dharau iliyofichwa ndani ya saluti kiasi kwamba anayepigiwa haioni. Mombasa ilikuwa na Kingi na Skochi. Dar es Salaam na Tanga zikawa na Marini na Arinoti, na askari na makarani ndio waliokuwa mhimili wake. Kijana wa mjini, mtoto wa efendi, karani, askari, hawezi kuwa alikulia mbali na jambo hilo. Watazamaji wa Berlin, walipomwona Husen akisimama wima na kupiga saluti, waliamini kuwa wanautazama utiifu wenyewe. Mimi naona ndani yake kijana wa Beni aliyekwisha kujifunza kwamba saluti ni vazi, na kwamba vazi huvaliwa kwa ustadi.

Lettow-Vorbeck, jemadari wa jeshi la Kijerumani katika Afrika ya Mashariki, alisalimu amri Novemba 1918 akiwa na deni la mishahara ya askari wake. Serikali ya Ujerumani ilikuja kuwalipa wengi baadaye, lakini malipo hayo hayakumfikia Husen, na mwaka 1929, akitoka katika kazi ya melini, alikwenda Berlin mwenyewe kudai haki yake na ya baba yake. Afisi ya mambo ya nje ikamjibu kuwa amechelewa, muda umekwisha. Mtu mwingine angerudi melini. Yeye akabaki, akapata kazi ya kuhudumu katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe penye uwanja wa Potsdamer Platz, lenye mikahawa iliyopambwa kila mmoja kwa mfano wa nchi nyingine, na ndani yake mlikuwamo pia ukumbi wa sinema. Humo mhudumu alikuwa sehemu ya mapambo. Alivishwa nguo za nchi asiyoijua, akatakiwa atabasamu kama mwenyeji wa nchi hiyo, na aliyekunywa akalipia kinywaji pamoja na tabasamu. Nadhani hapo ndipo uigizaji wake ulipoanza kulipiwa mshahara.

Kazi ya pili, iliyomletea heshima zaidi na fedha haba zaidi, ilikuwa kufundisha Kiswahili. Chuo cha lugha za Mashariki cha Berlin kilikuwa na desturi ya kuwaajiri wenyeji wa pwani ili wawafundishe matamshi na mazungumzo maofisa waliotaka kuja huku, na kabla ya Husen alikaa katika kiti hicho Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mtungaji wa kitabu cha desturi za Waswahili kilichotoka mwaka 1903, aliyemwoa Mjerumani, akazuiwa kurudi naye kwao, akamaliza umri wake Berlin na kufa huko mwaka 1927. Husen alifika miaka miwili baadaye, akafundisha chini ya maprofesa wakubwa, miongoni mwao Diedrich Westermann, kwa ujira mdogo na kwa cheo cha msaidizi, ingawa aghalabu ni yeye chumbani humo aliyekuwa akisema lugha yenyewe na wengine wakiisoma.

Mwaka huohuo wa 1929, alipokuwa Husen akibisha mlango wa serikali Berlin, Kilindini ilipokea kundi la wapiga picha wa kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer, wakiongozwa na W. S. Van Dyke, waliokuja kutengeneza picha iitwayo Trader Horn. Walisafiri Kenya, Uganda na Kongo kwa miezi mingi. Walianza kwa nia ya picha bubu, kisha wakubwa wao Hollywood wakabadili shauri, ikalazimu vyombo vya kunasa sauti viletwe huku. Katika safari hiyo walimwajiri Mutia Omoolu, wakampa nafasi ya Rencharo, mchukua bunduki wa yule mfanyabiashara aliyeigizwa na Harry Carey, na kazi yake ikawapendeza hata wakamvusha bahari mpaka California kumalizia sehemu zilizobaki. Mtazame mtu huyo katika picha ile, iliyotoka 1931 na kuteuliwa miongoni mwa picha bora za mwaka kwa tuzo ya Oscar, na utaona jinsi anavyoweza kuutwaa uwanja wote kwa kusimama tu, ilhali wenzake Wazungu wanahangaika na maneno. Malipo ya kumbukumbu aliyopata ni ya ajabu: Van Dyke alipotengeneza picha ya kwanza ya Tarzan yenye sauti mwaka 1932, lile genge la mlima ambalo hakuna mtu anayelivuka liliitwa Mutia. Vizazi vya watoto vimelisikia jina hilo katika kumbi za dunia nzima wasijue kwamba ni jina la mtu, na kwamba mtu huyo aliigiza.

Berlin nako Husen hakuwa wa kwanza. Mtu aliyekwisha kuifungua njia alikuwa Mkameruni, Ludwig M'bebe Mpessa, mzaliwa wa Douala, ambaye kwa jina la Louis Brody aliigiza tangu enzi ya picha bubu hasa, akatokea katika picha ya Genuine mwaka 1920 na katika kazi ya Fritz Lang iliyotoka 1921, akawa Mwarabu leo, Mchina kesho, jini keshokutwa. Na mwaka 1921 aliandika katika gazeti la Berlin kuwatetea watu weusi waliokuwa wakipigwa njiani. Brody alikuwa mwimbaji, mwanamieleka na mpiga ngoma, tena mwenye mwili mkubwa uliojaza kioo. Husen alikuwa mpole wa umbo na wa mwendo. Wote wawili walikutana mwaka 1934 katika picha ya Die Reiter von Deutsch-Ostafrika, yaani wapanda farasi wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, iliyoongozwa na Herbert Selpin, habari yake ikiwa ni vita vilevile ambavyo Husen alivipigana. Nafasi aliyopewa ilikuwa ya mwanafunzi wa ishara. Mtu wa miaka thelathini, mwenye kovu la Mahiwa, aliajiriwa ajiigize utoto wake mwenyewe mbele ya watu waliokataa kumlipa mshahara wa utoto huo, na nimefikiri sana jambo hili nisipate picha nyingine ya sinema ambamo kejeli ya ajali imefika kiwango hiki.

Baada ya hapo alipata nafasi moja baada ya moja, ndogo ndogo, katika picha ambazo nyota wake walikuwa Zarah Leander, Heinz Rühmann na Hans Albers. Alifungua milango, alishika sinia, alibeba masanduku, aliinama, aliondoka. Watoto wa Kisauni waliokuwa wakivuka daraja la Nyali kwenda sinema za mjini walikuwa na kanuni yao kwamba steringi, yaani nyota wa picha, hafi, na kwamba macho yote ni yake. Kanuni hiyo ina upande wa pili usiosemwa, nao ni kuwa asiye steringi hata akifa haulizwi. Husen alifanya kazi upande huo wa pili. Lakini mtu aliyezoea kutazama atatambua kwamba nafasi ndogo si nafasi rahisi, kwa sababu anayeshika sinia ana pumzi mbili tatu tu za kuwa mtu, hana neno la kumsaidia, na akizidisha kidogo ataonekana anamwibia mkubwa wake pazia, na akipunguza kidogo atageuka kiti. Husen hakuwa kiti. Macho yake hufika kabla ya mwili, hukaa juu ya anayesema kwa muda unaozidi kidogo ule unaotakiwa na adabu, kisha hushuka. Waigizaji wa picha bubu walikaa miaka mingi wakiutafuta uzito huo. Yeye aliupata kwa kulazimishwa.

Wala tusidhani kwamba kunyamazishwa huko kulikuwa kwa Wajerumani peke yao. Katika miaka hiyohiyo, baina ya 1935 na 1937, juu ya milima ya Usambara, mahali paitwapo Vugiri, Waingereza walifanya jaribio la sinema kwa ajili ya Waafrika, wakatengeneza picha zipatazo 35 za kufundisha kilimo, afya na kuweka akiba. Waliozicheza ni wenyeji, na picha zilipigwa bubu. Sauti ikatiwa baadaye katika sahani za santuri, Kiswahili kikapandishwa juu ya vinywa visivyokinena. Kusudi lilikuwa jema kwa sehemu, na Kiswahili kilipata kusikika. Majina ya waigizaji wale yako wapi, hakuna atakayekuonyesha katika picha.

Nafasi kubwa kuliko zote za Husen ilikuja katika picha ya Carl Peters, iliyotoka mwaka 1941, iliyoongozwa na Selpin yuleyule, Hans Albers akiwa Peters na Husen akiwa Ramasan, mwenyeji mwaminifu aliye ubavuni mwake. Sisi wa pwani ya Kenya Peters tunamjua bila ya sinema. Ndiye aliyezunguka Usagara na Uzigua mwaka 1884 akiwatia wazee alama za msalaba katika karatasi wasizozisoma, na ndiye aliyeshuka karibu na Witu mwaka 1889, akazikwepa manowari za Kiingereza, akapanda na Mto Tana akiacha nyuma yake vijiji vilivyochomwa. Na baadaye Kilimanjaro aliwanyonga mtumishi wake na msichana, kwa makosa ambayo hata serikali yake iliyaona haya, ikamfukuza kazi mwaka 1897. Picha ile ilimgeuza shahidi. Ili kuujaza uwanja watu weusi, mateka wa jeshi la Ufaransa waliokamatwa vitani walitolewa kambini wakaja kuigiza Waafrika wanaomshangilia, kisha wakarudishwa kambini. Katikati ya mambo hayo yumo Ramasan, ana maneno safari hii, ana sura ya karibu, anasema Kijerumani chake kizuri. Na maneno aliyopewa, baada ya miaka saba ya kunyamaza, ni maneno ya kumsifu bwana.

Hapa pana haja ya kusema kweli juu ya mtu mwenyewe, kwa sababu wako wanaopenda kumfanya malaika kwa kuwa alidhulumiwa, na dhuluma haimgeuzi mtu malaika. Husen aliitaka dola ile ya Kijerumani irudi Afrika. Alihudhuria mikutano ya wakoloni wa zamani akiwa amevaa sare ya askari, alitembea na onyesho la Waafrika lililokuwa likizunguka miji ya Ujerumani, na mwaka 1934 aliomba nishani wanayopewa waliopigana mstari wa mbele. Akanyimwa, akanunua nishani yake mwenyewe akaivaa. Vita vya pili vilipozuka mwaka 1939 alijitolea kuingia jeshini, akakataliwa. Yawezekana aliamini, yawezekana alikuwa akihesabu kwamba Mwafrika aliye na mke na watoto katika nchi ya Hitler hana ngao nyingine ila kuwa ushahidi hai wa uaminifu wa askari, na yawezekana mambo yote mawili yalikuwamo kifuani mwake kwa pamoja. Mimi nashika hili la mwisho. Maisha yake yote yalikuwa ya kuigiza mhusika mmoja, askari mwaminifu, na pengine hapakuwa tena na pahali pa kulivulia lile vazi.

Alikuwa amemwoa Maria Schwandner, mwanamke wa asili ya Bohemia, mwezi wa Januari 1933, siku chache kabla ya Hitler kushika madaraka. Walizaa mtoto wa kiume na wa kike, na wakamlea mtoto mwingine wa kiume ambaye Husen alimpata kwa mwanamke mwingine. Mwaka 1935 alipoteza kazi yake ya mkahawani kwa sababu wahudumu wenzake walimlalamikia. Mtoto wake wa kiume akafa 1938, na wa kike 1939. Mwaka 1941 aliacha kazi ya chuo baada ya ugomvi, na mwaka huohuo, mapenzi yaliyoanza zama za kupigwa kwa picha ya Carl Peters baina yake na mwanamke wa Kijerumani yakapelekwa masikioni mwa Gestapo. Hakufikishwa mbele ya kadhi wala hakimu. Alipelekwa katika kambi ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, na huko alikaa zaidi ya miaka mitatu mpaka tarehe 24 Novemba 1944 alipofariki, naye ana miaka arobaini. Yule mtoto aliyebaki aliuawa na mabomu mwaka 1945. Picha ya Carl Peters, wakati Ramasan wake yumo kambini, ilikuwa bado ikionyeshwa. Na Selpin, aliyeiongoza, alikamatwa mwaka 1942 kwa maneno aliyoyasema juu ya maofisa wa jeshi, akakutwa amekufa katika chumba cha mahabusu. Brody peke yake kati ya hao watatu alivuka salama, akaigiza hata baada ya vita, akafa 1951.

Kwa muda mrefu Husen alisahauliwa hata huko. Aliyemtoa katika majalada ni Marianne Bechhaus-Gerst, mtaalamu wa mambo ya Afrika wa Cologne, ambaye mwaka 2007 alichapisha kitabu cha maisha yake, na mwaka huohuo likatiwa katika njia ya waendao kwa miguu, mbele ya nyumba namba 193 ya barabara ya Brunnenstraße alikopata kukaa, jiwe dogo lenye bamba la shaba lililochorwa jina lake. Mwaka 2013 Eva Knopf alitengeneza filamu, Majubs Reise, akizipekua picha za zamani moja baada ya moja na kumsaka Husen nyuma ya mabega ya nyota, akiisimamisha picha kila anapopita na kumsogeza mbele. Njia hiyo ni nzuri kuliko hotuba nyingi; kinachonisikitisha ni kuwa sijasikia kwamba filamu hiyo imetiwa Kiswahili, lugha ambayo mwenyewe aliifundisha kwa ujira mdogo, na vyuo vyetu vya pwani vinavyofundisha utangazaji na sinema vina vijana wanaoweza kuifanya kazi hiyo kwa muhula mmoja.

Vita vilipokwisha, desturi iliendelea kwa sura nyingine. Mwaka 1954 ilitoka picha ya Kiingereza, West of Zanzibar, iliyopigwa katika nchi zetu hizi, habari yake ikiwa ni pembe za ndovu na majahazi. Na nafasi kubwa mbili za Waafrika walipewa Edric Connor, mtu wa Trinidad, na Orlando Martins, mtu wa Lagos, waigizaji wakubwa wote wawili wala sina neno juu yao. Watu wa hapa waliitwa kwa mamia kupita nyuma yao, na wapiga picha wengine waliokuja baadaye kwenye mwambao huu walifanya vivyo hivyo.

Kwa hivyo nina ombi kwa jamaa wa Likoni, Kisauni na Changamwe, hasa nyumba ambazo babu alikuwa baharia wa meli za Kijerumani au za Kiingereza, au kuli wa Kilindini, au fundi wa reli aliyechukuliwa siku mbili tatu akasimame mbele ya kamera. Katika masanduku yenu zimo picha, vitabu vya kazi na barua. Zitoeni kabla ya mchwa na chumvi ya bahari, waulizeni wazee walio hai ni nani huyu na nani yule, andikeni nyuma ya kila picha jina kamili la mtu, mwaka, na kazi aliyoifanya, kisha pelekeni nakala kwenye maktaba ya Makumbusho ya Fort Jesus, na asili ibaki nyumbani.